Sindano na Mikono: Tiba Mbili kwa Mwili Mmoja

Ndugu msomaji, mwili wa mfanyakazi ndio jembe lake. Fundi cherehani huinamia kitambaa tangu asubuhi hadi magharibi, na shingo ikamkaza kama kamba ya mashua. Mchukuzi wa bandarini hubeba magunia mpaka kiuno kikamlalamikia. Dereva wa daladala huketi kutwa nzima juu ya kiti kilichokwisha sponji, na mama muuza mboga aliyeamka alfajiri kwenda sokoni hurudi nyumbani na magoti yanayowaka moto. Siku jembe hilo linapopata ufa, nyumba nzima huona njaa. Kwa hiyo maumivu ya mgongo, shingo na viungo si jambo la kuchezewa katika familia inayoishi kwa jasho lake.

Maumivu yakizidi, ushauri nao huwa mwingi. Jirani husema, "Kakandwe, yupo bibi mmoja mtaa wa pili ana mikono ya baraka." Mwenzako kazini husema, "Achana na hayo, nenda kwenye tiba ya Kichina wakakuchome sindano." Mgonjwa aliyechoka kukesha akigaagaa kitandani hataki kukosea, basi huyafanya yote. Asubuhi huchomwa sindano, jioni hukandwa kwa mafuta ya karafuu, na usiku humeza vidonge vya maumivu alivyovinunua duka la dawa. Bibi mkandaji haambiwi habari za sindano, wala mtaalamu wa sindano haambiwi habari za bibi.

Wahenga walinena kuwa mshika mawili moja humponyoka. Je, ni kweli kwamba tiba ya sindano, ambayo wengi sasa huiita akupancha, haiwezi kwenda pamoja na tiba ya kukanda? La, yaweza. Huko ilikotoka tiba hii ya sindano, hizi mbili zimeishi nyumba moja kwa karne nyingi. Lakini zimeishi pamoja kwa utaratibu, na kwa kujuana. Pasipo kujuana ndipo mwili hudhurika. Makala haya yanakusudia kukueleza utaratibu huo, ili wewe na jamaa zako muweze kuutumia.

TIBA HIZI ZIMETOKA WAPI

Akupancha ni tiba ya kale ya Uchina. Kitabu mashuhuri cha utabibu kinachohusishwa na mfalme wa hadithi za kale aitwaye Mfalme wa Manjano, kilichokusanywa yapata miaka 2000 iliyopita, kinaeleza namna ya kutumia sindano katika kutibu maradhi. Waganga wa zama hizo waliamini kwamba ndani ya mwili hupita nguvu ya uhai katika njia maalumu, na kwamba sindano ikichomwa mahali panapostahili huizindua nguvu hiyo ilipokwama. Sambamba na sindano, Wachina waliendeleza namna yao ya kukanda iitwayo tuina, neno lenye maana ya kusukuma na kushika. Hadi leo katika hospitali zao za tiba za jadi, mgonjwa mmoja huweza kupewa vyote viwili chini ya paa moja.

Dunia ya Magharibi iliishtukia habari hii mwaka 1971, pale James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alipougua kidole tumbo akiwa ziarani Uchina. Alipasuliwa katika hospitali moja mjini Beijing, na alipoandika juu ya mkasa wake wasomaji wengi walidhani kuwa alipasuliwa kwa ganzi ya sindano za Kichina. Sivyo ilivyokuwa. Alipasuliwa kwa dawa za ganzi za kawaida, na akupancha aliipata baadaye, ili kumpunguzia karaha ya tumbo baada ya upasuaji. Tangu hapo ilikuwa tiba ya kusaidiana na nyingine, wala haikuja kuziondoa.

Kwetu Tanzania tiba hii haikuja jana. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar katikati ya miaka ya 1960, na kikundi cha kwanza cha kutumwa Tanzania Bara kilifika mwaka 1968 kutoka jimbo la Shandong. Katika vikundi hivyo wamekuwamo wataalamu wa akupancha. Aidha, ilikuwa katika mkutano uliofanyika jijini Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2010, ambapo UNESCO iliitia akupancha katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Ama kukanda, hakuna haja ya kumwambia Mswahili kulikotoka. Mtoto mchanga hukandwa viungo, mzazi hukandwa kwa maji ya moto, mcheza mpira aliyeteguka huchuliwa kwa mafuta, na bibi harusi husingwa. Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya nyonyo na ya karafuu yamekuwa dawa ya nyumbani tangu enzi za mababu.

KILA MOJA HUFANYA NINI

Sindano ya akupancha haifanani na ile ya zahanati. Haina tundu wala haina dawa ndani yake. Ni uzi mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, mwembamba kiasi kwamba huweza kupinda kwa wepesi. Mtaalamu huchoma sindano kadhaa, huziacha mwilini kwa muda wa dakika 20 hadi 30 hivi, kisha huzichomoa. Mgonjwa husikia uzito, ganzi kidogo au joto mahali pale. Wengine hupatwa na usingizi palepale kitandani.

Wachunguzi wa leo wanaeleza kwamba mchomo huo huigutusha mishipa ya fahamu, nayo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili ukatoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Katika baadhi ya watu, shinikizo la damu hushuka kidogo na moyo hupiga polepole.

Kukanda nako hufanya kazi kwa njia yake. Mikono hulegeza misuli iliyokaza, huamsha mzunguko wa damu katika ngozi na nyama, na huutuliza moyo wa mtu. Naam, hata kule kuguswa tu na mikono ya mtu anayekujali kuna faida yake. Baada ya kukandwa vyema, mtu husikia mwili mwepesi, na akiinuka ghafla huenda akaona kizunguzungu.

Zingatia basi, msomaji, kwamba tiba hizi hukutana mahali pamoja. Zote mbili hugusa ngozi, misuli, damu na mishipa ya fahamu, na zote mbili hulegeza mwili. Huko kukutana ndiko kunakozifanya zisaidiane, na ndiko huko huko kunakotaka tahadhari.

WATAALAMU WANASEMAJE

Je, zinafaa kweli? Yafaa tuseme ukweli bila kupunguza wala kuongeza. Mwaka 2012 wachunguzi walikusanya matokeo ya majaribio yaliyohusu wagonjwa karibu 18,000 wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, magoti na kichwa. Waliona kwamba akupancha iliwapunguzia maumivu kuliko wale wasiochomwa kabisa, ila tofauti kati ya sindano za kweli na sindano za kuigiza ilikuwa ndogo. Huko Uingereza, mwongozo wa mwaka 2016 ulisema akupancha isitolewe kwa maumivu ya kiuno, na kwamba kukanda kuwe sehemu tu ya mpango wenye mazoezi. Mwongozo mwingine wa nchi hiyo hiyo wa mwaka 2021 uliikubali akupancha kwa baadhi ya maumivu sugu. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno, liliyataja mazoezi, kukanda na tiba za sindano miongoni mwa mambo yanayoweza kutumiwa, huku likikiri kuwa ushahidi wa baadhi yao ni hafifu.

Fundisho tunalolipata ni hili: tiba hizi huweza kutuliza maumivu ya misuli na viungo. Haziui vijidudu, haziungi mfupa uliovunjika, wala haziondoi uvimbe wa saratani. Anayekuahidi kwamba kwa sindano na mikono ataponya kila maradhi, huyo anauza maneno.

HATARI HUZALIWA WAPI

Kwa mikono ya mtu aliyesoma, akupancha ni tiba salama. Uchunguzi wa aina mbili uliochapishwa Uingereza mwaka 2001, kila mmoja ukihusu matibabu zaidi ya 30,000, haukuona dhara kubwa hata moja. Madogo yalikuwapo: kutoka damu kidogo, kuvilia, maumivu mahali pa sindano, na kuzimia. Kukanda nako, kukifanywa kwa upole, ni salama. Taabu huja pale mgonjwa anapozichanganya kiholela, nayo huja kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mlegeo maradufu. Mtu hajala tangu asubuhi, anachomwa sindano, shinikizo la damu linashuka. Anatoka hapo anakwenda kukandwa kwa saa nzima, linashuka tena. Anaposimama macho yanaingia giza na anaanguka. Akiwa mzee huweza kuvunja nyonga, na akiwa amepanda pikipiki huweza kupoteza maisha. Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu yumo katika hatari zaidi.

Njia ya pili ni damu. Kila tundu la sindano, hata liwe dogo namna gani, ni jeraha. Ukilikandamiza kwa nguvu saa chache baadaye, damu iliyokuwa imeanza kuganda hutoka tena, na mahali hapo huvilia. Ngozi iliyotobolewa ikisuguliwa kwa mafuta yaliyokaa wazi, na kwa mikono isiyooshwa, uchafu hupata mlango. Vidonge kama aspirini na diklofenaki huifanya damu ichelewe kuganda, kwa hiyo mgonjwa wetu aliyemeza vidonge usiku ameongeza la tatu juu ya mawili.

Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kufunikana kwa dalili. Juu ya mabega na kati ya mabapa ya mgongo, pafu liko sentimita chache tu chini ya ngozi. Sindano ikichomwa kwa kina kisichostahili huweza kulitoboa, hewa ikavuja ndani ya kifua na pafu likasinyaa. Hutokea mara chache sana, lakini hutokea, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa: kichomi kifuani, kikohozi kikavu, kuhema kwa shida. Sasa mtu aliyechomwa asubuhi na kukandwa kwa nguvu jioni atajuaje kichomi hicho kimetoka wapi? Atajiambia, "Ni mikono ya bibi tu, kesho kitapoa." Kumbe kesho huenda ni mbali mno. Ukichomwa sindano begani, mgongoni au kifuani, kisha ukaanza kuhema kwa shida, usingoje wala usirudi kukandwa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na useme wazi kuwa umechomwa sindano.

IPI ITANGULIE

Swali hili huulizwa sana. Jawabu ni kwamba zote mbili zaweza kutangulia, almuradi mhudumu awe mmoja au wawe wawili wanaoshauriana.

Wataalamu wengi hupenda kuanza na kukanda kwa upole. Kwa mikono yao hupapasa na kujua ni wapi penye mkazo, na misuli ikishalegea sindano huingia bila taabu. Ukifuata njia hii, mafuta yote hayana budi kufutwa na ngozi kusafishwa kwa pamba yenye spiriti na kuachwa ikauke kabla ya sindano kugusa mwili. Sindano haipitishwi kwenye ngozi yenye mafuta.

Wengine huanza na sindano, kisha humalizia kwa kukanda kidogo. Hapo yapo masharti. Sindano zote zichomolewe kwanza, zihesabiwe, na hesabu ya kutoka ilingane na ya kuingia, maana sindano moja iliyosahaulika nyuma ya nguo ikikandamizwa huweza kuzama au kuvunjika. Mgonjwa apumzike dakika chache. Kisha mikono ipite pembeni, kwa wepesi, bila kubonyeza juu ya matundu mapya. Ni mwiko kukandwa kwa nguvu mahali ambapo sindano zingalimo.

Ikiwa mhudumu wa sindano na mkandaji ni watu wawili wa mahali mbalimbali, basi busara ni kuwapa siku zao. Acha siku moja au mbili zipite kati ya sindano na kukandwa kwa nguvu mahali pale pale. Vivyo hivyo, ukikandwa hata ukabaki na maumivu na alama za kuvilia, ngoja zipoe ndipo uende kwenye sindano. Mafuta makali kama ya karafuu yasipakwe juu ya matundu mapya, wala maji ya moto yasimwagwe hapo. Na kama wewe ni mtu wa kuumikwa kwa pembe au vikombe, tiba ambayo wengi sasa huiita hijama, usiiongeze siku hiyo hiyo mahali hapo hapo.

Siku ya matibabu kula chakula cha wastani saa moja au mbili kabla, na kunywa maji. Usiende ukiwa umekunywa pombe. Ukimaliza, keti kitandani kwanza, teremsha miguu, kisha simama taratibu. Usikimbilie usukani wala zamu ya mashine. Ukiweza, chagua siku yako ya mapumziko.

Ziko faida nyingine za kwenda polepole. Ukianza tiba zote mbili siku moja, ukapata nafuu, hutajua ni ipi iliyokufaa. Na ukizidiwa, hutajua ni ipi iliyokudhuru. Lakini ukianza na moja kwa wiki mbili au tatu, ukaangalia matokeo, ndipo ukaongeza ya pili, utakuwa umeujua mwili wako na kuiokoa fedha yako. Haraka haraka haina baraka.

WANAOPASWA KUNGOJA

Wapo watu ambao hawapaswi kuanza mojawapo ya tiba hizi kabla ya kumwona daktari.

Wa kwanza ni mwenye mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu katika shavu la mguu. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ukiukanda mguu huo, bonge la damu huweza kung'oka, likasafiri hadi mapafuni na kumuua mtu ghafla. Hatari hii humkabili zaidi mtu aliyelala kitandani siku nyingi, aliyefanyiwa upasuaji, aliyesafiri safari ndefu akiwa ameketi, na mwanamke aliyejifungua karibuni. Enyi mama na bibi mnaowakanda wazazi, mkiuona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, acheni kukanda na mpelekeni mzazi hospitali.

Wa pili ni mwenye maradhi ya damu isiyoganda upesi, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Wa tatu ni mja mzito: ziko sehemu, hasa tumbo, kiuno na baadhi ya mahali pa mikono na miguu, ambazo wataalamu wa sindano huziepuka, na tumbo lake halipaswi kubinywa kwa nguvu. Wa nne ni mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia. Huyo haoni maumivu ya kumwonya, na kidonda kidogo kwake huweza kuishia kukatwa mguu.

Kadhalika yupo mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, ambaye haimpasi sindano zinazounganishwa na umeme. Yupo mwenye homa, mwenye majipu au upele mahali pa kutibiwa, mwenye mfupa uliovunjika au mifupa iliyodhoofika kwa uzee, na mwenye saratani, ambaye uvimbe wake haupaswi kukandwa wala kuchomwa. Mgonjwa wa selimundu aliyeshikwa na maumivu makali anahitaji hospitali kwanza, na jamaa wasimcheleweshe kwa kumkanda.

SINDANO MPYA, MIKONO SAFI

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, na tone lisiloonekana kwa macho hutosha kumwambukiza mtu. VVU navyo hupita katika damu. Kwa hiyo sharti la kwanza la akupancha ni sindano mpya kwa kila mgonjwa, iliyofungwa katika pakiti yake na kufunguliwa mbele ya macho yako, na ikishatumika itupwe katika boksi gumu la taka zenye ncha kali. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo juu ya mafunzo na usalama wa akupancha mwaka 1999, na suala la usafi wa sindano limepewa uzito mkubwa humo.

Usikubali kuambiwa kwamba sindano imechovywa katika spiriti na kwa hiyo ni safi. Spiriti husafisha ngozi, lakini haitoshi kuisafisha sindano iliyoingia katika mwili wa mtu mwingine. Wala usione haya kusema, "Samahani daktari, naomba nione ukifungua pakiti." Mtaalamu wa kweli hatakasirika.

Mkandaji naye aoshe mikono kwa sabuni, akate kucha, avue pete, na atumie shuka safi na mafuta yaliyofunikwa. Mwenye kidonda kidoleni asikande siku hiyo.

MUULIZE, NAWE UMWELEZE

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka Baraza la kuwasajili watoaji wa huduma hizi Tanzania Bara, na Zanzibar nayo ina Baraza lake. Kwa hiyo unayo haki ya kuuliza kama huyu anayetaka kukuchoma amesajiliwa, na amesomea wapi. Kibao kikubwa barabarani si cheti.

Lakini haki huenda na wajibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla hujalala kitandani, mweleze mhudumu mambo haya: dawa unazotumia, pamoja na za maji na za unga ulizopewa na mganga, maradhi uliyo nayo, kama u mja mzito au wadhani hivyo, kama uliwahi kuzimia kwa sababu ya sindano, na ni lini mara ya mwisho ulipokandwa au kuchomwa, na wapi. Si hotuba ndefu. "Shikamoo bibi. Jana nilichomwa sindano hapa begani, naomba leo unikande miguu tu, bega uliache." Maneno hayo machache yanatosha kukuepusha na mengi. Na kwa mtaalamu wa sindano, "Daktari, juzi nilikandwa mgongo, bado unauma upande huu."

Wengi huona aibu, wakidhani kwamba daktari atawacheka kwa kwenda kwa bibi, au bibi atakasirika kwa kuachwa. Aibu hiyo haina thamani ya pafu lako. Mwenye daftari na aandike tarehe, tiba aliyopewa, mahali alipotibiwa na alivyojisikia kesho yake. Daftari hilo litamsaidia daktari wa hospitali pia.

MAUMIVU YASIYONGOJA

Mwisho, yapo maumivu ambayo sindano na mikono huyachelewesha tu. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda huenda umeshikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa za hospitali, lakini ukicheleweshwa mtu huweza kupinda mgongo au kupooza. Maumivu ya kiuno yanayoandamana na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, ganzi katikati ya mapaja, au miguu kuishiwa nguvu, ni jambo la saa na wala si la siku. Vivyo hivyo maumivu yaliyofuata ajali au kuanguka, na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, basi ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Jamaa wengi humkimbiza mgonjwa wa namna hiyo kwa mkandaji kwanza, na saa zenye thamani zikapotea. Hospitali itangulie. Baada ya hatari kupita na daktari kuruhusu, mazoezi ya viungo, kukanda na hata akupancha huweza kupata nafasi yake katika safari ndefu ya kurudisha nguvu.

Ndugu msomaji, wala bibi wa mtaa wa pili wala mtaalamu wa sindano si adui yako, na daktari wa hospitali si mpinzani wao. Kila mmoja ana sehemu yake katika kuutengeneza mwili wako. Ila wao hawaonani; wewe ndiye unayekwenda kwa huyu na kwa yule, na wewe ndiye mjumbe wa pekee kati yao. Ukinyamaza, kila mmoja atafanya kazi gizani. Basi ukienda safari ijayo, uende umekula, umepumzika, na umejiandaa kusema yote. Nawe uliye nyumbani, ukimwona baba, mama au ndugu yako akijipaka mafuta juu ya matundu ya sindano ya jana, mwambie kwa adabu asubiri kwanza.